Azimio la Tirol baada ya misimu sita ndani ya begi langu: nyota nne, moja naizuia

Karatasi yenyewe imekunjwa mara nne, ikatiwa ndani ya mfuko wa plastiki, na mfuko unakaa kwenye kifuniko cha begi langu pamoja na taa ya kichwani na vidonge vya maumivu. Imelowa mara mbili. Ibara ya sita nimeipigia mistari ya penseli mpaka maandishi yanasomeka kwa taabu. Ndiyo ninayoitolea maoni leo: Azimio la Tirol, mwongozo wa mwenendo mwema katika michezo ya milimani, uliopitishwa Innsbruck, Austria, Septemba 2002, na ambao UIAA, shirikisho la kimataifa la vyama vya wapanda milima lililoanzishwa Chamonix mwaka 1932, limekuwa likiueneza tangu hapo. Kuupata ni bure. Watu huandika maoni kuhusu viatu, kamba na mahema. Kwangu hiki nacho ni kifaa, kwa sababu nimekitegemea mahali ambapo kamba haikuwa na la kunisaidia.

Niseme mimi ni nani ili ujue maneno haya yanatoka wapi. Ninaongoza kamba. Sina njia yoyote kwenye mwamba yenye jina langu, wala kilele nilichokuwa wa kwanza kukifika. Nachukua watu watatu au wanne ambao bado wanajifunza, nawafundisha kufunga fundo, kusoma theluji na kugeuka mapema, kisha tunapanda pamoja. Nimeifanya kazi hiyo miaka kumi na mmoja. Miaka mitano ya kwanza sikuwa na karatasi yoyote, niliamini tu kwamba mtu mwema akifika pabaya atatenda wema.

Kisha nikampita mtu.

Ilikuwa alfajiri, kwenye ukingo wa theluji, upepo unatoka kushoto. Alikuwa amekaa kando ya njia, glovu moja imemtoka mkononi, anatazama mbele bila kutazama kitu. Nilimuuliza hali. Akajibu, "Niko sawa, endeleeni tu." Tulikuwa wanne, kilele kiko saa mbili mbele yetu. Wenzangu wote watatu wakanigeukia. Nikasema wenzake watakuja nyuma. Tukaendelea, tukafika, tukapiga picha. Tuliporudi hakuwapo. Watu watatu wa kundi jingine walikuwa wameacha safari yao wakamshusha. Alipoteza ncha za vidole vinne. Nilikwenda kumtazama baadaye, na hakukumbuka kama tuliwahi kuonana. Mtu anayesema yuko sawa huku glovu imemtoka mkononi kwenye baridi ile hayuko sawa. Hilo sikufundishwa siku hiyo. Nililijua hata wakati nampita.

Msimu uliofuata ndipo nilipoanza kulibeba Azimio.

Lina sehemu mbili zinazohusu mtu kama mimi: orodha ya tunu, na ibara kumi. Orodha ya tunu ndiyo iliyonishika kwanza kwa sababu imepangwa kwa ngazi. Juu kabisa iko heshima ya binadamu. Inafuata haki ya uhai, uhuru na furaha, kisha usalama wa mazingira ya asili, mshikamano, mtu kuutimiza uwezo wake, ukweli, ubora, na mwisho kabisa ujasiri wa kuyaendea yasiyojulikana. Isome tena taratibu. Kile kinachotutoa kitandani saa saba usiku kimewekwa chini kuliko vyote. Hakikufutwa, wala hakikutukanwa, kimepewa nafasi yake tu. Na ninapowasomea wenzangu kwa Kiswahili, lile neno la kwanza sihangaiki kulitafsiri. Nasema "utu", na hakuna anayeuliza maana yake. "Kuutimiza uwezo wake" ndiyo hunichukua dakika kumi za maelezo.

Ibara zenyewe zinagusa wajibu wa mtu binafsi, moyo wa timu, jamii ya wapandaji, kutembelea nchi za watu, wajibu wa waongozaji, dharura na kifo, ruhusa ya kuingia milimani na hifadhi, mtindo wa kupanda, upandaji wa mara ya kwanza, na ufadhili na matangazo. Lugha ni nyepesi, na waandishi wenyewe wanakiri kwamba hizi si sheria wala maelekezo ya hatua kwa hatua. Kuacha safari au kurudi nyuma kunatajwa waziwazi kuwa uamuzi halali. Mwanafunzi aliyezoea hadithi za mashujaa akisikia hivyo kutoka kwenye karatasi rasmi, mabega yake hushuka. Nimeliona hilo mara nyingi.

Lakini uzito wote kwangu uko ibara ya sita. Inasema kumsaidia aliye taabani kunatangulia malengo yetu yote ya mlimani, na kwamba kuokoa uhai au kumpunguzia majeruhi madhara kuna thamani kubwa kuliko hata njia ngumu kupita zote zilizowahi kupandwa. Inaendelea mpaka kwa wafu. Mwili usipoweza kushushwa, mahali ulipo paandikwe kwa usahihi wote unaowezekana. Kamera, daftari na barua za marehemu zitunzwe zifikishwe kwa wafiwa. Picha za marehemu zisichapishwe kamwe bila idhini ya familia. Nikifika hapo huwa nawaza maiti moja ya Everest ambayo dunia nzima imeizoea kwa jina la rangi ya viatu vyake. Kwa miaka mingi wapandaji waliifanya alama ya njia, na picha zake zimesambaa kila mahali. Yule ni mtu aliyezaliwa, akapewa jina na wazazi wake.

Karatasi pekee haipandi mlima. Azimio lilikuwa na umri wa karibu miaka minne Mei 2006, David Sharp, Mwingereza, alipokufa chini ya mwamba upande wa kaskazini wa Everest. Inaripotiwa kwamba wapandaji wapatao 40 walimpita siku ile. Wapo waliosema hawakumwona, wapo waliodhani amekwisha kufa, na wapo waliojaribu kumsaidia wakashindwa. Edmund Hillary, aliyefika kilele hicho mwaka 1953, alilaani hadharani. Siku kumi na moja baadaye, upande ule ule wa mlima, Dan Mazur na wenzake watatu walimkuta Lincoln Hall, Mwaustralia aliyekuwa ameachwa jioni ya jana yake akidhaniwa amefariki. Waliacha kilele, wakakaa naye mpaka waokoaji wakapanda, na Hall akarudi nyumbani yu hai. Mwezi mmoja, mlima mmoja, na maneno ya Innsbruck yalikuwapo siku zote mbili. Na Julai 2023, kwenye K2, mlima wa pili kwa urefu duniani, katika ile sehemu nyembamba iitwayo Bottleneck, Mohammad Hassan, Mpakistani aliyekuwa kazini akiwahudumia wapandaji, alikufa huku makumi ya watu wakipita kuelekea juu. Baadhi walihangaika naye kwa muda mrefu. Wengi walipita.

Kwa hiyo nimebadilisha namna ya kulitumia, na hapa ndipo penye ushauri wangu kwa anayetaka kulijaribu. Usilisome nyumbani ukaridhika. Lisome kwa sauti jioni ya kabla ya kupanda, mkiwa wote ndani ya hema moja, wakati matumbo yana kitu na vichwa vimetulia. Kwenye mita 5,500 hewa unayovuta ina takriban nusu ya oksijeni ya usawa wa bahari, na kwenye kilele cha Everest ni kama theluthi moja. Ukiongeza uchovu, baridi na kilele kinachoonekana, huna tena akili ya kupima lipi liko juu ya lipi. Upimaji ufanyike mapema, na juu mtu akumbuke tu alichokwisha sema.

Sisi tunasoma ibara ya pili na ya sita, kisha nauliza. Tukimkuta mtu asiye wetu na hawezi kutembea, nani anabaki naye, nani anashuka, nani anapiga simu ya satelaiti? Tunageuka saa ngapi hata kama kilele kiko pale? Ukianza kuumwa kichwa, utaniambia kwa neno gani, maana najua utataka kunificha? Kila mmoja anajibu kwa mdomo wake. Kutikisa kichwa hakutoshi. Naandika majibu kwa penseli pembeni ya karatasi, ndiyo maana imechafuka hivyo.

Mara moja binti mdogo kuliko wote kwenye timu aliniuliza, "Dada, na kama mimi ndiye nitakayewarudisha nyuma?" Hema likanyamaza. Nikamsomea tena ibara ya pili, pale inaposema mwenzako haachwi peke yake ikiwa kuachwa kutamdhuru. Akasema ameisikia, alitaka kuisikia kwetu. Basi kila mmoja akamwambia kwa zamu. Tangu siku hiyo swali lake nimeliingiza kwenye maswali ya jioni, na huwa naliuliza mwenyewe kuhusu mwenyewe, kwa sababu kiongozi naye huugua.

Msimu wa tatu likatukuta. Watu wawili tusiowajua, mmoja kavunjika kifundo cha mguu chini ya mfereji unaoporomosha mawe. Sisi tulikuwa tumebakiza kama saa mbili. Safari hii hakuna aliyenigeukia. Nilipofika yule binti alikuwa amekwisha kushusha begi na kutoa mfuko wa kulalia, mwingine anawatazama majeruhi na mwenzake kama wana kofia ngumu, wa tatu ameshika simu. Kushuka kulituchukua saa tisa. Mmoja wetu alikuwa amejiwekea akiba ya likizo miaka miwili kwa ajili ya kilele kile, na njia nzima hakusema neno. Tulipofika kambini akavua viatu, akakaa, akasema, "Roho inaniuma. Lakini kesho tukimkuta mwingine, tutamshusha." Hiyo ndiyo sababu ya nyota zangu nne.

Sasa nyota ninayoizuia.

Ibara ya nane, ya mtindo, ni nzuri kusoma na ngumu kutumia. Inasema namna tunavyolitatua tatizo ina uzito kuliko kulitatua kwenyewe. Inataka tusiache alama. Kwenye milima mikubwa inahesabu mtindo mzuri kuwa ni kupanda bila kamba za kudumu, bila dawa za kuongeza nguvu, bila mitungi ya oksijeni. Inataka desturi za kila eneo la kupanda ziheshimiwe, na hapo naikubali kwa moyo wote. Kwenye miamba ya mchanga ya Elbe, Ujerumani, wapandaji wamejizuia kwa vizazi: hakuna chaki, hakuna chuma cha kukabia ndani ya nyufa, unajilinda kwa fundo la kamba lililobanwa kwenye ufa. Mwamba ule ni laini, ungekuwa umekwisha kuliwa. Hakuna mkutano wa kimataifa uliowaamuru.

Lakini ibara hiyo hiyo inataka pia tabia ya asili ya njia za zamani ihifadhiwe. Njia ya zamani ikiwa yenyewe ndiyo jeraha, tufanye nini? Mwaka 1970 Cesare Maestri, Mwitaliano, alipandisha kampresa ya petroli kwenye mlima Cerro Torre, huko Patagonia, kusini kabisa mwa Amerika Kusini, akatoboa mwamba na kupigilia mamia ya boliti, nyingine karibu kabisa na nyufa ambazo zingeweza kushika vifaa vya kuondoleka. Kampresa aliiacha ikining'inia ukutani. Njia ikawa historia, watu wengi wakaipanda kwa boliti zile. Januari 2012 Mmarekani Hayden Kennedy na Mkanada Jason Kruk walipanda ukingo ule ule bila kuzitegemea karibu zote, na walipokuwa wakishuka wakang'oa zipatazo 120. Walipofika El Chaltén, mji ulio chini ya mlima, walikuta hasira, na polisi wakawashikilia kwa muda. Siku chache baadaye David Lama, kijana wa Austria, alipanda upande huo kwa mikono na miguu yake, kamba ikiwa ya kumkinga tu asianguke.

Nimelisoma Azimio nikiwa na kisa hiki mbele yangu. Waliong'oa wanaweza kulishika mkononi wakasema: tusiache alama. Waliokasirika nao wanaweza kulishika wakasema: njia ya kihistoria haiguswi, na waliopo hapa hawakuulizwa. Wote wamesoma ukurasa mmoja. Mimi binafsi naamini boliti zile hazikustahili kuwapo, na naamini pia kwamba uamuzi wa kuzitoa ulikuwa mkubwa kuliko watu wawili. Ningetaka mwongozo useme nani akae mezani jambo kama hilo linapoamuliwa, na kwa utaratibu upi. Ngazi ya tunu imepangwa vizuri pale utu unapogongana na kilele. Ila ndani ya jambo moja lenye pande mbili inakuacha peke yako.

Upungufu wa pili ni namba. Azimio linatuita wageni na wenyeji linawaita wenyeji wetu, tuwe wapole, tusaidie maendeleo yao. Vizuri. Lakini mpagazi mwenye viatu vilivyotoboka hasaidiwi na neno "heshima". Kundi liitwalo International Porter Protection Group, lililoanza mwaka 1997, limekuwa likidai mambo yanayopimika: nguo zinazofaa kwa kimo anachopelekwa, mahali pa kulala, matibabu sawa na ya mteja, asiteremshwe peke yake akiugua. Ndiyo lugha ninayoitaka. Nepal nayo mwaka 2014 ilianza kudai kila mpandaji wa Everest ashuke na kilo 8 za taka, na timu iweke amana ya dola 4,000. Unaweza kubishana kuhusu utekelezaji, lakini kilo 8 mtu anaweza kuzipima kwenye mizani. Mimi kwenye karatasi yangu, pembeni ya ibara ya tano, nimeandika uzito wa mzigo ambao hakuna anayetubebea ataupita, na jina la atakayekagua viatu vyao asubuhi. Jina ni langu.

Kuhusu ruhusa za kuingia sina malalamiko. Devils Tower, Marekani, mlima ambao kwa mataifa mengi ya asili ya pale ni mahali pa ibada, tangu mwaka 1995 wapandaji wameombwa waache kupanda mwezi wote wa Juni. Ni ombi, hakuna faini, na wengi wanalitii. Uluru, mwamba mkubwa wa Australia, wenye ardhi waliomba kwa miaka mingi watu wasiupande, na njia ikafungwa rasmi tarehe 26 Oktoba 2019. Roho ya ibara ya nne na ya saba iko hapo.

Na ukweli. Azimio linasema bila unyofu haiwezekani kupima alichofanya mtu milimani, na wengine huliona jambo hilo dogo. Septemba 2021 picha ya droni ilionyesha Manaslu, mlima wa nane kwa urefu duniani, ukiwa na watu wengi waliosimama kwenye kijinundu cha mbele huku timu ya Mingma G, mwongozaji wa Nepal, ikiwa pale juu hasa. Miaka na miaka watu walikuwa wamerudi na vyeti kutoka kwenye kijinundu kile, wengi wao bila nia mbaya yoyote. Mwaka uliofuata kamba zikafungwa mpaka kilele chenyewe. Sisi tukigeuka njiani, kwenye daftari tunaandika tulipoishia na kwa nini. Mwanafunzi wangu mmoja aliniomba tuandike "kilele" kwa sababu zilibaki mita sitini tu na ukungu ulikuwa umefunika kila kitu. Nilimwelewa. Tukaandika mita sitini, na ukungu.

Ukiwa unaongoza watu, lipakue leo. Ukiwa unalipa kampuni ikupandishe, lipeleke kwao kabla hujatoa pesa, uwasomee ibara ya sita, uwaulize wataacha kilele cha wateja wangapi kwa ajili ya mgeni mmoja asiye mteja wao. Usiridhike na "usijali". Miaka kadhaa iliyopita kampuni moja ilinijibu kwamba suala hilo "huamuliwa huko huko juu". Sikuenda nao.

Wiki ijayo tunapanda tena, watu wanne, wawili hawajawahi kuvaa viatu vya meno ya barafu. Nimechapa nakala mpya ya Azimio kwa sababu ile ya zamani imeanza kuachana kwenye mikunjo. Nimenakili maandishi yote ya penseli kwa mkono, ibara kwa ibara. Kwenye ya sita nimeongeza mstari mmoja ambao haukuwapo: akikwambia yuko sawa, tazama mikono yake.